Kompyuta ya Mama Alistidia na Posa Yangu

Mama Alistidia wa Kaagya aliingia dukani kwangu Kashai, akaitazama kompyuta mpya ya kubebeka iliyokuwa mezani kama anayekagua mkungu wa ndizi.

"Inafanya nini, waitu, mwanangu?"

Nikamwaga maneno: inaonyesha filamu, inapiga nyimbo za kwaya, inatunza picha za harusi, umeme ukikatika inachaji simu.

"Filamu naangalia kwa jirani. Inatunza koo za watu?"

Mama huyu ni mshenga, kazi ambayo wengi huwaachia wanaume. Kabla posa haijapokelewa, huzunguka Bukoba mpaka Muleba akiuliza nani kazaliwa na nani, wasije wakaoana ndugu. Habari hizo zilijaza madaftari manne, na moja lilikuwa limeliwa na panya.

Nikaona biashara. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, sina mke, nami nilimtaka Evelyne, mwalimu wa Muleba, ambaye wazazi wake hawakutaka hata kusikia habari za mchuuzi. Nikamwambia mama: nakupunguzia theluthi ya bei, nakufundisha bure, wewe unanipelekea posa. Akakubali, akachukua na mkoba wa kubebea. Nikajipongeza. Bibi wa miaka sitini, nilidhani, atachoka wiki ya kwanza, aniuzie tena kwa bei ya kutupa.

Hakuchoka. Kwa kidole kimoja alichapa kila jina na mama yake. Picha za wazee akazihamisha kutoka kwenye simu. Barua za posa akaanza kuandika mwenyewe, wakati barua hizo, nilizokuwa nikiwachapia watu dukani, ndizo zilizokuwa zikiniletea wateja.

Zamu yangu ikafika. Akaniita kwake, akanipa kahawa ya kutafuna, kama apewavyo mgeni kwetu, akanigeuzia kioo cha kompyuta.

"Kyaruzi, bibi mzaa mama yako na bibi mzaa mama yake Evelyne ni wa tumbo moja."

"Nani kasema?"

"Kila mtu kwa kina mama yako anajua. Na wewe ungejua, kama ungekuwa unafika misibani."

Kweli. Misiba ya upande wa mama yangu nilikuwa natuma rambirambi kwa simu. Kufunga duka siku tatu niliona hasara.

"Mama, futa huo mstari mmoja tu. Nakuongezea printa."

"Mpya?"

Nikapata tumaini. "Mpya kabisa, na karatasi zake."

Akacheka mpaka akajifuta macho. "Nilitaka tu kujua umenipangia bei gani. Nikikufutia wewe, mwanangu, nani Muleba ataniamini tena?"

Evelyne aliolewa Desemba na Onesphory, bwana mifugo. Mshenga alikuwa huyohuyo. Siku hizi familia humfuata mama mpaka Kaagya, na nusu ya kazi yangu ya kuchapa imehamia kwake. Mimi sina mke, ila nimepata ndugu. Juzi Evelyne alikuja kununua kompyuta ya kuandalia mitihani. Nikamtajia bei.

"Kaka Kyaruzi," akasema, "ndugu naye unamuuzia kama mteja?"

Nikampa kwa bei niliyonunulia.