Buti za Kwenda Kimhandu

Kwa miaka mitatu mjomba wangu alikuwa akipofuka, na katika miaka hiyo hiyo mimi nilikuwa nikichagua buti. Sikujua habari ya macho yake. Yeye habari ya buti aliijua yote, kwa sababu nilimsimulia kila hatua kwa simu, naye akanisikiliza kwa subira ambayo leo nikiikumbuka nainuka nilipokaa.

Mjomba analima kabichi na karoti Mgeta, juu kabisa, mahali ambapo shamba limesimama kama ukuta. Mimi nafundisha chuoni, mjini Morogoro. Mjomba huniita profesa, cheo ambacho chuo chenyewe kimekataa kunipa. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama: watoto wa mjomba ni wa ukoo wa mama yao, na aliye wake kwa ukoo ni mimi, mtoto pekee wa dada yake wa pekee. Ukoo wetu una mahali pake chini kidogo ya kilele cha Kimhandu, mwendo wa siku mbili kutoka kwake, msitu mtupu, njia haionekani mpaka uwe na mtu anayeijua. Pana jiwe, na kila anayefikishwa pale huacha konzi ya unga. Mjomba ndiye humpeleka mpwa. Yeye alipelekwa na mjomba wake, akiwa bado hajaoa. Wanawe ni watu wazima wenye miguu ya mbuzi, lakini si kazi yake kuwafikisha pale. Wao wana wajomba zao.

Mama alipofariki, siku ya kumaliza matanga, mjomba aliniambia mbele ya watu, "Sasa umebaki wewe. Njoo nikupeleke kabla sijachoka." Nilisema ndiyo, na nilimaanisha. Kisha nikarudi mjini kupanga.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mtu wa Mgeta hapangi safari ya mlimani kwa mbali. Unafika, unalala, mnakula, asubuhi mnatazama mawingu, halafu mnaondoka au hamuondoki. Mjomba alinieleza hivyo hivyo: njoo tu, tutapanga ukifika. Mimi nikayasikia maneno hayo kama uzembe wa mtu ambaye hajasoma. Nilikuwa na jedwali kwenye kompyuta lenye rangi tatu. Kulikuwa na safu ya uzito wa mzigo, safu ya maji, safu ya chakula kwa kila mlo, na safu niliyoiita "hatari", ambamo niliandika nyoka, ukungu, utelezi na goti langu la kushoto. Macho ya mjomba hayakuwamo.

Mwaka wa kwanza ulikwisha kwa buti. Nilizipata kwenye mitumba, hazijawahi kuvaliwa, ngumu kama mbao, na video za mtandaoni zikanionya kwamba buti mpya zizoeshwe miezi miwili. Nikazizoesha. Nilizivaa sebuleni, nikazivaa darasani, wanafunzi wakaniuliza kama nimehamia idara ya misitu. Zilipolainika, vuli ilikuwa imeanza.

Mwaka wa pili ulikuwa wa mazoezi na kibali. Kibali kilihitaji barua, na barua ilihitaji mtu aliyekuwa likizo. Mazoezi niliyafanya Jumamosi, kwa kupanda mlima ulio juu ya mji, kuelekea Morningside. Kina mama waliokuwa wakiteremka na mikungu ya ndizi kichwani, wamevaa ndala, walinipisha kwa huruma. Mmoja alisimama, akanitazama buti, begi na fimbo zangu mbili za chuma, akasema, "Pole baba. Wanakupeleka hospitali gani?" Nilirudi nyumbani na kuongeza wiki sita za mazoezi kwenye jedwali.

Wakati huo mjomba alikuwa amebadilika, na mabadiliko yake yote nilikuwa na maelezo yake. Aliacha kutuma ujumbe, akawa anapiga tu. Nikasema ni uzee. Alianguka kwenye mfereji wa shamba lake mwenyewe, akanihadithia huku akicheka. Nikasema ni utelezi, tena nikafurahi kwamba nimeuandika kwenye safu ya hatari. Zamani alikuwa akikataa safari siku za malori, akisema akiiacha kabichi yake barabarani watapakia ya jirani. Sasa akawa ananiambia malori yaende zake, nije siku yoyote. Nikadhani biashara imelala.

"Profesa," aliniambia mwaka wa tatu, mwezi wa saba, "huo mlima unauendea au unautungia mtihani?"

Nilicheka. Nikamwambia bado nasahihisha mitihani ya kweli, nikimaliza nakuja, mwishoni mwa mwezi wa tisa.

"Mwezi wa tisa mbali," alisema.

Aliyeniambia ni mkewe. Alipiga simu asubuhi moja mwanzoni mwa mwezi wa tisa, akaniuliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto, kisha akasema, "Mjomba wako haoni." Presha ya macho. Walikwenda hospitali wamechelewa, na daktari alisema kilichokwisha kuondoka hakirudi. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwamba mjomba alimkataza: alitaka niende kwa sababu nataka kwenda, si kwa sababu anaumwa. Kilichobaki kilikuwa mwanga na giza. Mwezi wa saba, alisema mkewe, alikuwa bado anaona miguu yake.

Nilipanda Mgeta siku iliyofuata. Jambo ambalo siwezi kulieleza ni kwamba nilikwenda na begi lote: hema, koti la mvua, tochi ya kichwani. Nadhani mikono ilifungasha kwa mazoea. Nikashuka kwenye lori katikati ya magunia matupu, nikakwea njia ya miguu hadi kwake nikihema, na nilimkuta ameketi kizingitini, uso ameuelekeza upande ninakotoka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Unatembea kama ng'ombe aliyevishwa viatu. Hizo ndizo?"

Nikasema ndizo. Aliinama akazipapasa, soli, kamba, mpaka kisigino. Akasema ni nzuri sana, zingefika.

Tulikula. Hatukupanga kitu. Nilimwomba anieleze njia ili niiandike, akaanza vizuri: unapita juu ya uwanda wa Lukwangule, unaliacha bonde la maji kushoto. Kisha akakwama. Alisema njia ile haisemeki. Miguu huikumbuka ikiona. Kalamu nikairudisha mfukoni.

Kesho yake asubuhi alitaka tupande hadi mwisho wa shamba. Nilimshika mkono na akautoa. Kule juu, kabichi zinapokomea na msitu kuanza, tulisimama. Ukungu ulikuwa umetawanyika, na mbele yetu palikuwa na mgongo mrefu wa mlima, wa kijani kibichi, na juu yake ncha moja imejitokeza.

"Kilele unakiona?" akauliza.

Sikujua. Sijawahi kukijua. Lakini alikuwa amesimama pale na uso umeinuliwa, akingoja, nami nikaona hicho ndicho kitu pekee nilichobakiwa nacho cha kumpa.

"Nakiona, mjomba. Kimetulia kabisa, hakina wingu."

Chini kabisa lori lilipiga honi likiita mizigo.

"Kutoka hapa hakionekani," alisema. "Lukwangule inakiziba. Ni mpaka ulale njiani."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Nilitafuta neno, nikasema tutatafuta mtu mwingine wa ukoo anayeijua njia, na nilipolisema nilijua kwamba hayupo, na yeye alijua kwamba najua.

"Twende," alisema. "Buti zako zitaloa umande."

Tukateremka. Yeye alitangulia, fimbo mkononi, maana njia ya kabichi zake aliijua. Mimi nilifuata nyuma, nikitazama anapokanyaga.