Kidole cha Binti Yangu Kwenye Upanga

Mume wangu alikuwa mhunzi, baba yake mhunzi, na mababu zao huko upande wa Kate ndio waliokuwa wakiyeyusha chuma kwenye yale matanuri marefu ya udongo ambayo siku hizi ng'ombe wanajikunia. Katika vyote alivyoviacha nilitaka kimoja tu kibaki kwa binti yetu: upanga wa Kijapani alioufua kwa mikono yake. Nyundo ndugu zake wachukue. Fuawe wachukue. Hata bati za banda wangeng'oa nisingesema neno.

Wakachukua upanga.

Mambo yalianzia kwenye simu. Aliona wazee wa huko Japani wakifua, akaniita nije nione, mimi nina unga mikononi. Nikamwambia hizo ni sinema. Akasema hapana, angalia anavyogeuza chuma, huyu ni fundi kweli. Tangu siku hiyo akawa hana raha. Banda letu liko Izia, pale nyumba zinapoishia na mahindi yanapoanza. Asubuhi anafua miundu na majembe ya wateja, jioni anajaribu upanga kwa springi za malori mabovu. Vijana wakipita wanamtania, mshikaji, vita vinaanza lini? Anawajibu kwamba vimeshaanza na anapigwa.

Kilichomtesa ni mstari. Upanga wa namna ile unapakwa udongo kabla ya kuingia motoni, mgongoni udongo mzito, kwenye makali unaachwa mwembamba. Ukitoka mwekundu ukazamishwa kwenye maji, makali yanapoa ghafla yanakuwa magumu, mgongo unabaki na ulaini wake usije ukavunjika. Pale udongo mzito unapoishia panabaki mstari mweupeweupe, kama ukungu wa asubuhi ukiwa umelala bondeni. Springi nyingine hazitaki kabisa mstari. Nyingine zilipasuka ndani ya pipa, tang, naye anakaa chini kwenye majivu mpaka nimletee chai.

Baba mkwe ndiye aliyemwambia aachane na udongo wa mtoni, achukue wa kichuguu, kwa sababu matanuri ya wazee yalijengwa kwa huo na hayakupasuka. Hilo nalisema mapema ili ionekane kwamba mzee hakuwa adui wa ule upanga. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa adui.

Siku ya ule uliofanikiwa, binti yetu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Mume wangu ameshapaka udongo, ameulaza upanga kwenye ubao, kageuka kuchochea moto. Mtoto akajivuta, akadidimiza kidole katikati ya udongo mbichi. Nikamnyanyua kwa mkono mmoja, tayari nimekasirika, nikasema upake upya. Mume wangu akainama, akaangalia kile kitundu kidogo.

"Kiache," akasema. "Tuone chuma kitasema nini."

Alipomaliza kuusugua, mstari ulikuwepo, umetulia toka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mahali pamoja katikati. Hapo ulipanda kidogo kuelekea mgongoni, kama mtoto anayechungulia dirishani. Ni kidole chake. Mume wangu alimbeba akamwonyesha, mtoto akacheka kwa sababu baba yake anacheka, basi.

Jumapili tukitoka misa alikuwa anakunja mikeka mikuukuu aliyoiloweka kwenye pipa, anaisimamisha kwenye kijiti kule pembeni ya shamba, anaikata kujaribu makali ya upanga. Na mimi alinifundisha. Mara ya kwanza nilikata kama ninapasua kuni, upanga ukanasa nusu ya mkeka, nikaona aibu. Akasimama nyuma yangu. Mkono wa kushoto ndio unaovuta, akaniambia, wa kulia unaongoza tu. Nikavuta. Sikusikia kitu chochote mkononi. Mkeka ulikaa vilevile, nikafikiri nimekosa, halafu kipande cha juu kikateleza taratibu kikaanguka. Mimi niliyelelewa kwa jembe na kuni, sijawahi kushika kitu kilichonitii namna ile.

Alikuja bwana mmoja kutoka Matai, anakusanya silaha nzuri nzuri anaziweka nyumbani kwake. Aliushika kwa kitambaa ili jasho lisiuguse, akaugeuzageuza kwenye mwanga, akaomba auziwe. Mume wangu akamwonyesha ile alama ya kidole. Akamwambia mwenye mali bado ananyonya, arudi akishaachishwa.

Kwa kukata sana mikeka, mpini ukaanza kucheza. Akautoa, akachonga mwingine wa mninga, akauweka chini ya kitanda chetu ukauke. Upanga wenyewe akaupaka mafuta, akaulaza darini bandani bila mpini. Halafu akapanda bodaboda kupeleka mundu Matai. Lori liliwakuta njiani. Sitaandika zaidi ya hapo.

Sasa sikia desturi yao. Kwenye ukoo wa mume wangu, mhunzi akifa, siku ya kumaliza matanga baba yake au kaka yake anachukua chuma ambacho marehemu alikiacha hakijaisha, anakimalizia kuwa jembe, mjane anapewa. Maana yake mume wako amekulimia msimu mmoja zaidi. Ni desturi nzuri, siwezi kusema uongo. Na wanakijuaje chuma ambacho hakijaisha? Hakina mpini. Wao hata jembe hawaliuzi bila mpini. Kilichotiwa mpini kimeshaondoka kwa fundi, kisicho na mpini bado ni kazi.

Siku hiyo mimi nimekaa ndani kwenye mkeka na wanawake, mjane hatoki mpaka aitwe. Mivukuto ikaanza kupumua bandani. Nikajua wanafua jembe langu, sikuwa na wasiwasi, kulikuwa na vipande vya springi vimejaa kona nzima. Halafu mtu akagonga chuma mara moja kwenye fuawe, kikiwa baridi, kama wahunzi wanavyofanya kukisikiliza. Kikalia muda mrefu, sauti nyembamba isiyotaka kuisha.

Nilisimama. Wifi yangu akanishika bega, akaniambia kaa, hujaitwa. Nikamwambia ule ni upanga wa mtoto. Akasema wanaume wanajua wanachofanya. Wakanikalisha wawili. Nilikaa pale nikisikiliza nyundo zinavyomfuta mwanangu, na kila nyundo nilikuwa naijua inaangukia wapi. Hilo sijawasamehe mpaka leo, na wakisoma hapa wajue.

Waliponiita, baba mkwe amelishika kwa mikono miwili, jembe dogo la palizi, bado lina uvuguvugu.

"Chukua, mwanangu. Ndiyo kazi ya mwisho ya mume wako."

Sikunyoosha mkono. "Baba, ule upanga ulikuwa umeisha."

"Haukuwa na mpini."

"Aliutoa mwenyewe. Mpya uko chini ya kitanda."

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akasema nisijali, atanifulia mwingine, video bado zipo kwenye simu. Niliyomjibu siwezi kuyarudia mbele ya padri. Halafu nikamgeukia mzee, nikamweleza habari ya mtoto na udongo mbichi, kila kitu, huku nalia na kamasi zinanitoka mbele ya watu. Nilitaka aumie. Nilichagua maneno ya kumuumiza.

Mzee akakaa juu ya gunia la mkaa.

"Nilipaona," akasema. "Pale mstari ulipopotoka. Nikajua mwanangu alikosea, nikasema watu wasije wakaiona kasoro yake. Nikaanza kupiga nyundo hapohapo, nimfichie."

Hata hasira yangu haikujua ielekee wapi. Bado haijui, naamka nayo kila siku, nasonga nayo ugali.

Mvua zilipoanza, baba mkwe alimtuma shemeji aniletee mpini wa lile jembe. Nikaurudisha. Matuta ya ulezi nimeinua kwa jembe la kununua dukani. Lao liko nyuma ya mlango, mkia wa kuingia kwenye mpini uko wazi, na kwa sheria yao wenyewe bado ni kazi, halijaondoka mikononi mwa mume wangu. Mpini wa mninga nao uko palepale chini ya kitanda. Nilijaribu kuuingiza. Haukai.

Siku hizi mzee anakuja kumwona mjukuu wake. Nampa shikamoo, nampa kiti, sina zaidi. Wiki iliyopita mtoto alilivuta jembe toka nyuma ya mlango, akalipeleka hadi miguuni kwa babu yake. Sasa anaongea, na nilishamwambia kwamba kidole chake kilikuwa humo. Akaanza kubonyeza, hapa, pale, kwenye ncha, kwenye mkia, na kila mahali anamuuliza babu kama ndipo.

Mzee alikuwa anamjibu kila mara, kwa sauti ya chini, kwamba si hapo. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai mkononi. Nilisimama nacho mpaka kikapoa.