Kupimwa na Mume, Kupimwa na Mke

Fundi Kipimo hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mpole, mwembamba, penseli nyuma ya sikio na unga wa mbao kwenye nyusi, na mkikutana njiani alikusalimia vizuri kuliko ndugu yako. Tatizo lilikuwa macho. Nusu ya kazi zake ilikuwa majeneza, na kwa kuwa aliona si adabu kumfunulia futi kamba mtu ambaye bado anavuta pumzi, alijizoeza kukadiria kimo kwa kutazama tu. Alikutazama kichwani, akashuka miguuni, akarudi kichwani. Hakukusudia lolote. Fundi viatu naye huwaangalia watu miguu. Lakini watu wa mtaa ule, kila walipoona macho ya fundi yameanza safari, walisogea kando.

"Usinipime bwana, mimi bado nipo nipo sana."

"Nakusalimia tu."

"Basi salimia ukiangalia chini."

Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, imeangalia barabara. Upande mmoja vilikaa vitanda na makabati. Upande wa pili majeneza yalisimamishwa yakielekea ukutani, ili maharusi waliokuja kuchagua kitanda wasiishiwe hamu. Katikati ilikuwepo meza ya kazi aliyoirithi kwa baba yake, na meza hiyo ilikuwa na historia yake. Baba alianguka hapo siku moja asubuhi, randa mkononi, mtu ambaye hakuwahi kulalamika hata kichwa. Miaka ikapita, kaka mkubwa naye akaanguka upande ule ule wa meza. Kwa wote wawili watu waliambiwa ni kiharusi, wenyewe wakiwa wameshakufa. Fundi aliwatengenezea majeneza yeye mwenyewe, na hakuhitaji kuwapima.

Sasa umri alioanguka nao kaka yake ulikuwa unamkaribia. Kila asubuhi kichwa kilikuwa kizito, na ilimbidi apepese macho ndipo auone vizuri mstari wa penseli kwenye ubao.

"Vumbi la mbao," alisema.

"Vumbi linakaa kisogoni?" mkewe aliuliza.

Mkewe alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Zahanati ilikuwa imemfundisha na kumpa begi la bluu, na ndani ya begi mlikuwa na kifaa cha presha chenye mkanda wa kufunga mkononi, na kingine kidogo cha kutoboa kidole na kupima sukari. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kuwatafuta watu ambao hawajaumwa. Hilo peke yake lilikuwa gumu kuelezeka. Lakini kilichomwangusha hasa ni neno moja. Alibisha hodi, akakaribishwa, akaketi, akasema kwa sauti ya upole aliyofundishwa, "Nimekuja kuwapima."

Watu wakatazamana.

"Shemeji," mwanamume mmoja alimwambia, akiwa ameshashika mlango, "kwenu mmepangaje? Wewe unatangulia, halafu mumeo anafuata?"

Alijaribu kusema "nimekuja kuwaangalia presha." Haikusaidia. Kuangalia ndiko hasa alikosifika nako mumewe. Na waliokuwa tayari kutoa mkono walikuwa na swali lao: "Mwenyewe wa nyumbani kwako umempima?" Hapo mkewe fundi alifunga begi, maana hakuwa mtu wa kusema uongo.

Fundi alikuwa na msimamo, na aliusema bila hasira huku akisugua msasa. "Mtu hupimwa mara moja. Mimi wangu najua ni ngapi, na mbao zipo."

"Baba watoto, huko si kupima kimo."

"Kupima ni kupima. Yule dereva wa lori jirani yetu alikuwa mzima kabisa. Akaenda kupimwa, jioni akarudi mgonjwa."

"Alikwenda akiwa mgonjwa. Hakuwa anajua."

"Basi raha ilikuwa kutojua."

 Mkewe aliitazama meza ya kazi, upande ule, kisha akaenda kuosha vyombo kwa kelele nyingi kuliko vyombo vilivyokuwepo.

Ndipo mama mzazi wa mwenye duka wa mtaani akaugua. Alikuwa bibi mwenye maneno, ambaye kwa kawaida alikaa kwenye kiti mlangoni pa duka akiwasahihisha wateja. Wiki ile alilala tu. Aliomba maji, akaomba maji tena, halafu akaacha kuomba chochote. Mwanawe, mwenye duka, alikuwa mtu wa kujipanga. Bidhaa aliagiza kabla hazijaisha, na mambo mengine vilevile. Alikuja karakana akazungumza kwa sauti ya chini, na fundi, kwa heshima, akaenda kumjulia hali mgonjwa. Alisimama mlangoni mwa chumba. Alimtazama kichwani, akashuka miguuni, akarudi. Akatoa pole, akaondoka kwenda kupasua mbao.

Mkewe alifika nyumba ile ile muda mfupi baadaye, na safari hii hakusema amekuja kupima.  Alikishika kidole cha bibi, akakitoboa, akasubiri, akakisoma kifaa mara mbili. Sukari ilikuwa imepanda mno. Akamwambia mwenye duka atafute gari sasa hivi, si kesho. Mwenye duka alianza kueleza kwamba ameshapanga.

"Pangua," mkewe fundi alisema.

Bibi alilazwa hospitali. Fundi alilimaliza jeneza, akalipaka vanishi nzuri ya rangi ya kahawia, akalisimamisha na wenzake, akasubiri. Alisubiri sana. Habari zilizokuja zilikuwa mbaya kwa biashara: bibi amefumbua macho, bibi amekula uji, bibi amegombana na muuguzi kuhusu uji. Mwisho wake alirudi nyumbani kwa miguu yake, akiwa na dawa kwenye mfuko na masharti mengi ya chakula, ambayo aliyafuata huku akiyasema vibaya.

Siku aliyojisikia vizuri alikwenda karakana, akiwa amemshika mkono mwanawe. Mkewe fundi alikuwa mlangoni akichambua mchele.

"Nimeambiwa nina fanicha yangu hapa," bibi alisema.

Mwenye duka akaangalia barabara. Fundi hakuwa na pa kuangalia. Aligeuza jeneza, akalilaza chini taratibu, akafuta vumbi kwa kiganja. Bibi alilizunguka. Aligonga mbao kwa kifundo cha kidole, akanusa vanishi. Kisha akasimama kando yake, visigino sawa na mwisho mmoja.

"Nisimame wapi sasa? Mwanangu, hebu njoo uone. Hili fupi."

"Haiwezekani, bibi," fundi alisema. Katika maisha yake ya kazi alikuwa amekubali makosa ya milango, madirisha na kabati moja la mwalimu. Jeneza, hapana.

"Haiwezekani? Lete kamba yako."

Fundi aliichomoa futi kamba mfukoni. Kwa mara ya kwanza alimpima mtu aliyesimama na kusema naye. Alimpima bibi, akapima sanduku, akampima tena bibi. Alitoa penseli sikioni, akairudisha.

"Nililala vipi siku ile?" bibi aliuliza.

Fundi alikumbuka. "Ulikuwa umejikunja."

"Nilikuwa nimejikunja. Nawe ukasimama mlangoni ukaridhika na macho." Bibi aliketi juu ya kifuniko, maana alikuwa amechoka. "Nyumba hii mmenipima wote wawili. Mkeo alinipima, hivi hapa nimekaa. Wewe ulinipima, ungenizika na magoti kidevuni."

Mwenye duka alicheka, akajuta, akakohoa. Mkewe fundi alikuwa ameacha kuchambua mchele. Fundi alikuwa bado ameshika kamba, ncha yake ikining'inia. Hakuumizwa na maneno ya bibi, ambaye alimtukana kila mtu kwa usawa. Kilichomkaa akilini ni hesabu nyingine. Macho yale yale yaliyomwona bibi mfupi ndiyo yaliyomwona kaka yake mzima, siku moja kabla hajaanguka, akipiga randa kwenye meza hii. Na ndiyo yaliyomtazama yeye kwenye kioo kila asubuhi yakasema hana neno.

Alisogea akaketi kwenye kifuniko, kando ya bibi. Akakunja mkono wa shati.

"Mama watoto," alisema. "Lete hicho kitu chako."

Mama hakumpa nafasi ya kubadili mawazo. Mkanda ulijaa, ukabana, ukaachia pumzi yake polepole. Alisoma. Akaufunga upya, akasoma tena.

"Ngapi?" fundi aliuliza.

"Juu."

"Juu kidogo?"

"Vaa viatu."

Walikwenda zahanati, fundi akiwa na unga wa mbao nyusini. Muuguzi naye alimpima, akamwita daktari, na daktari akamuuliza kama kuna mtu kwao aliyewahi kuanguka. Fundi akasema wawili, na kwamba mahali anapafahamu. Alirudi na vidonge vya kumeza kila siku, pamoja na agizo la kupunguza chumvi, ambalo alilichukulia kama matusi kwa mapishi ya mkewe. Mkewe alilichukulia kama agizo.

Baada ya muda kichwa cha asubuhi kikawa chepesi na mstari wa penseli ukarudi mahali pake. Vumbi la mbao lilikuwa lile lile. Umri wa kaka yake aliufikia siku ya kazi ya kawaida, akiwa ameegemea upande ule ule wa meza, akilaani bawaba. Mkewe alikuja akasimama mlangoni bila sababu, akaondoka bila sababu.

Lile jeneza mwenye duka hakulitaka tena, na bibi alishikilia kwamba ni lake. Fundi alikata kuta zake, akaweka miguu minne imara, likawa benchi. Liliwekwa nje ya karakana, na hapo mkewe akaanza kupimia watu, kwa kuwa habari ilikuwa imeenea kwamba mwenyewe wa nyumbani ameshapimwa, tena hadharani. Watu walikuja. Yule aliyeshika mlango alikuja, akakutwa na presha, akaanza vidonge, akaendelea na utani. Upande wa ukutani wa karakana majeneza yalipungua, na fundi akalazimika kujifunza vitanda vya watoto, ambavyo vina nguzo nyingi na faida ndogo. Alilalamika kwa mkewe kwamba anamharibia kazi. Alilalamika akiwa amenyoosha mkono afungwe mkanda.

Bibi alikuja kila siku ya kupima, akapewa nafasi ya mwisho wa benchi, palipokuwa kichwani pa jeneza. Mgeni mmoja, mwanamke aliyekuja na mtoto, alisimama kwa adabu akingoja kukaribishwa.

"Kaa, mwanangu," bibi alimwambia, akipigapiga ubao. "Lilikuwa langu, lakini nimewaachia."