Tutasimama Wakati wa Kurudi

Breki za lori zikipata moto kwenye mteremko, hutoa harufu ya chuma na mpira ulioungua. Wenzangu huziba pua. Mimi huivuta, na papo hapo niko tena kwenye kiti cha nyuma cha gari la baba, miguu juu ya dumu la maji, tukipanda milima ya Bugarama siku ya Idi.

Baba alikuwa fundi magari mtaani kwetu Buyenzi, chini mjini, na gari lile alilijenga mwenyewe: moteri ya hili, milango ya lile, viti vya teksi iliyokufa. Jirani yetu, Mzee Kasimu, hakuweza kulipita bila kulisema.

"Fundi, hii motokari yako iko na baba watatu, lakini mama haijulikane!"

Asubuhi ile baba alicheka tu, akaendelea kupangusa kioo. Hakuna mzaha ambao ungemgusa. Mama alikuwa amelala kitandani masika yote, akinyweshwa uji kwa kijiko, na baba aliweka nadhiri: akiinuka, atampeleka milimani, wamshukuru Mungu huko juu. Mama akainuka. Alipoulizwa anataka kuona nini, alikuwa na ombi moja.

"Kuna kona kule, wanasema unaona muji yote. Nataka niangalie nyumba yetu kutoka juu. Imenifunga miezi na miezi. Na mi niione, ikuwe kadogo kama kiberiti."

Tulipanda polepole. Vijana wa baiskeli, waliojishikiza nyuma ya malori, walitupita mmoja mmoja, na mmoja wao akatupungia mkono kwa huruma. Migomba ilipungua, mikaratusi ikazidi, hewa ikaanza kuuma masikio. Mimi niliuliza kila kitu: nani amelima shamba lile lililosimama kama ukuta, na mbona haanguki? Dada yangu Zuena alinifinya ninyamaze. Ndipo mama akamgusa baba bega.

"Baba Zuena, ni hapa. Simama kidogo."

"Apana, mama. Nikisimama kwenye mupando, moteri itazima, haitawaka tena. Tutasimama wakati wa kurudi. Kwenye kushuka inawaka yenyewe."

Alikuwa sahihi, fundi yeyote angesema hivyo. Anga lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Mama aligeuza shingo mpaka kona ikaisha, lakini kutoka kitini aliona anga tu.

Kule juu tulikula mandazi na mahindi ya kuchoma, tukizungukwa na marundo ya kabichi. Midomo yetu ilitoa moshi kwa baridi, na mimi na Zuena tukajifanya wazee wanaovuta sigara. Mama alivaa koti la baba juu ya vitenge viwili. Baba aliinua mikono, akaomba dua ndefu, na sauti yake ikakatika katikati. Sijamwona tena akishukuru namna ile.

Tuliporudi, ukungu ulikuwa umeshuka. Baba alisimama kwenye kona kama alivyoahidi, lakini breki ya mkono haikuwahi kushika, kwa hiyo alibaki ndani, mguu umekandamiza. Mama alitushika mikono, akatupeleka ukingoni. Mbele yetu palikuwa peupe kama maziwa. Nilitafuta nyumba kwa macho yote niliyonayo. Tulikaa pale mpaka mkono wa mama ukawa baridi mkononi mwangu. Kisha akageukia gari, akapaza sauti:

"Baba Zuena! Imefunguka kidogo! Naona mabati ya kwetu! Kweli ni kadogo!"

"Alhamdulillah!" baba akajibu, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo.

Mimi nilikuwa sijaona kitu. Nikadhani macho ya watu wazima hupenya ukungu, nikatamani kukua haraka.

Ugonjwa ulirudi, na mama hakufika masika yaliyofuata. Mimi niliacha shule, miguu ikakataa kutulia, na tangu hapo nazunguka kama utingo kwenye malori ya watu. Juzijuzi dereva wetu alisimama kwenye kona ile kupoza breki, asubuhi isiyo na wingu. Nikashuka mbio. Ziwa lilikuwapo, milima ya Kongo ng'ambo yake ilikuwapo, na nusu ya mji ikimetameta. Buyenzi nikaitafuta mpaka dereva akapiga honi. Haipo. Bega la kilima limeifunika. Hata kama tungesimama wakati wa kupanda, mama asingeiona.

Baba sasa ni mzee, mikono yake haishiki tena spana. Kila nikirudi safari, kabla hata sijakaa, huniuliza jambo lile lile, kama fundi anayekaza nati ambayo hana hakika nayo.

"Umepita kwenye kona? Bado inaonekana?"

Safari hii nilivuta kigoda, nikakaa karibu naye. Nilifikiri juu ya mama, amesimama mbele ya weupe ule, akichagua la kusema.

"Inaonekana, baba," nikamwambia. "Kadogo kama kiberiti."