Siku Atieno Alipopelekwa Makumbusho

Wivu kwangu una harufu, nayo ni ya rangi ya viatu. Asubuhi ile uani kwetu Usenge omena, dagaa za ziwani, zilikuwa zimeanikwa kwenye nyavu kama kawaida, na uvundo wake ungetosha kufunika kila kitu, lakini pua yangu ilinusa rangi ya viatu tu. Mama alikuwa amechuchumaa mlangoni akivisugua viatu vya safari vya binamu yangu Atieno kwa kipande cha leso kuukuu, akitema mate kidogo, akisugua tena, mpaka vikang'aa. Vilikuwa viatu vyangu. Atieno hakuwa na viatu vya kwendea mjini, kwa hiyo alipewa safari yangu, kisha akapewa na viatu vya kuiendea. Mimi nilisimama kando ya nyavu nikifukuza kuku, nikiomba basi liharibike.

Safari yenyewe ilikuwa ya Kisumu, kwenye makumbusho yaliyokuwa na chumba cha sayansi. Mwalimu wetu wa sayansi, Madam Awuor, hakuwa mtu wa kukaririsha. Alitaka mtoto ashike kitu, akivute, akizungushe, akose, ndipo afungue kitabu. Basi lililopatikana lilikuwa dogo, naye akaamua kwamba kila nyumba itoe mtoto mmoja, na yule atakayekwenda akirudi awafundishe waliobaki, kwa mikono, si kwa mdomo. Kwingine jambo hilo halikuwa na shida. Kwetu tulikuwa wawili katika darasa moja, kwa sababu Atieno alikuja kuishi nasi mamake, dada yake mama yangu, alipofariki. Mama hakufikiri hata kidogo. Alisema mgeni hutangulia, akaendelea kuchekecha omena.

Mgeni! Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Atieno alikuwa amekaa nasi zaidi ya mwaka, na jembe bado nililishika mimi. Ikifika zamu ya kuteka maji tulikuwa ndugu. Ikifika minofu ya samaki, yeye alikuwa mgeni. Nilimwonea wivu kwa namna mama alivyomwita kwa sauti ya chini, kwa namna alivyofunikwa blanketi kwanza, na sasa kwa Kisumu yangu. Siku ile nzima niliziona saa zikijikokota. Nilijua kwamba wakati ule mkono wake ulikuwa juu ya kitu ambacho mkono wangu haungekigusa kamwe.

Alirudi jioni, na mdomo wake haukufungika. Alikuwa amevuta kamba iliyopita kwenye magurudumu na kumnyanyua mtoto mzima kwa mkono mmoja. Alikuwa ametazama kwenye hadubini mbawa za nzi zikiwa kubwa kama majani ya mgomba. Na kulikuwa na tufe la chuma, alisema, lenye umeme usioua, ambalo ukiligusa nywele zote husimama wima. Nikamuuliza kwa makusudi zake zilisimama vipi. Hapo akapunguza mwendo. Siku moja kabla ya safari, mwalimu mkuu alikuwa ameagiza wasafiri wote wanyolewe vipara ili watu wa mjini wasiseme watoto wa Usenge ni wachafu. Basi walipanga foleni mbele ya lile tufe, upara baada ya upara, kijana mmoja mwongozaji wa makumbusho akawatazama, na hakuna kilichosimama. Nilicheka mpaka mama akanikemea. Sikucheka kwa furaha.

Jumatatu Madam Awuor alisambaza vipande vidogo vya karatasi mezani na kumwita Atieno mbele atuonyeshe umeme ule kwa kalamu ya plastiki. Atieno alielewa yote. Alieleza vizuri kuliko kitabu, kisha akasugua kalamu kichwani pake kwa nguvu na kuishusha juu ya karatasi. Karatasi hazikutikisika. Akasugua tena hadi ngozi ya kichwa ikamwasha, na wale wenzake wenye vipara wakajaribu pia, bila mafanikio. Madam akazungusha macho darasani akitafuta kichwa chenye nywele, na kwa kuwa nilikaa kwenye dawati la Atieno, aliniita mimi. Sikuwa nimenyolewa, maana nani angemnyoa wa kubaki? Nilisugua kalamu mara chache tu. Karatasi ziliruka zikaning'inia, darasa likapiga makofi, na nikamtazama Atieno usoni nione kama inauma.

Iliuma. Tukiwa njiani kurudi nyumbani alitembea nyuma yangu, akiwa bado na viatu vyangu. Tulipokaribia boma alisema, bila hasira, "Wewe uko na mama. Hata hii nayo ukachukua." Muda wote ule nilidhani mwenye wivu nyumbani kwetu ni mmoja.

Sasa naishi Kisumu, na mabasi ya shule hunipita yakielekea makumbusho, watoto wakiimba madirishani. Atieno ni mwalimu wa sayansi huko Bondo. Kila mwaka huleta wanafunzi wake, na sharti lake la kwanza, nasikia, ni kwamba asinyolewe mtu. Mama akimsifu mbele ya wageni, bado kitu hunichoma kifuani, mtu mzima mimi. Mwaka huu nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza mama, nusu kwa mzaha, kwa nini siku ile alimchagua Atieno. Mama hakufanya mzaha.

"Wewe, nyathina, mtoto wangu, ningekunyima ungeninunia wiki nzima, halafu urudi ukule," alisema. "Yule hata ningemnyima chakula, hangeninunia. Alikuwa anaogopa. Mtoto mwenye hawezi kununa, huyo ndiye unapatia kwanza."

Wanangu wamekwenda makumbusho hayo hadi yamewachosha. Juzi binti yangu mdogo alinuna kwa sababu nilimwamsha mapema kwa ajili ya safari ya shule. Akanywa chai bila kunitazama, akabamiza mlango, akaondoka bila kuniaga. Jirani aliyeona akasema mtoto huyo anahitaji kiboko. Nilisimama mlangoni nikiangalia mgongo wake ukienda kwa hasira, bila woga wowote, na nikamwambia jirani amwache anune.