Kioo Nilichosema ni Laini

Nakumbuka asubuhi moja ya vita, mwanangu, ambayo hata leo ikinijia siwezi kutulia kitini. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa hapa Kisangani, nikifanya kazi kwa Papa Gaston, fundi wa vioo vya rangi. Bomu lilikuwa limevunja dirisha kubwa la kanisa letu, nasi tulikuwa tukiliunda upya kwa vipande tulivyookota. Mvua ilikuwa ikiingia hadi altareni.

Papa Gaston alikuwa karibu kipofu, lakini usimhurumie haraka. Alikuwa mkali, mwenye majivuno, na aliijua kazi kuliko sisi wenye macho. Mimi nilisugua kingo za vioo kwenye jiwe; yeye alivipanga kwa kupapasa kwa kidole gumba, maana hicho ndicho kilichokuwa jicho lake. Kwa hiyo karakana ilikuwa na sheria moja tu. Kabla ya kumpa kipande, unapitisha ukingo wake taratibu kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako mwenyewe. Kikikukwaruza, unarudi jiweni.

Asubuhi hiyo bunduki zilianza kulia upande wa Kapalata. Mama alikuwa amenitumia habari kwamba saa sita wanaondoka kwa miguu kwenda Bengamisa, na hawatamngoja mtu. Roho yangu haikukaa. Mlango ukibamizwa, naruka. Na ndoo ya maji ilikuwa tupu! Kioo husuguliwa kwenye jiwe lililolowa, mwanangu. Jiwe likikauka, ukingo unabanduka vipunje vidogo usivyoviona. Mabomba yalikuwa hayatoi kitu siku nyingi, na kwenda mtoni na kurudi ni saa nzima. Nikasugua hivyo hivyo, pakavu, nimalize upesi nimkimbilie mama. Na sikupima hata kimoja.

"Ulishapima?" Papa Gaston aliuliza, mkono ameunyoosha.

"Ndiyo, papa. Iko laini."

Akakishika kipande cha bluu nilichompa na kupitisha kidole gumba kwa nguvu, kama mtu asiye na shaka. Niliona damu tu ikitiririka mezani. Kidole kilikuwa kimepasuka hadi ndani.

Nilichana kitambaa changu cha kichwa nikamfunga, huku nalia, nikimweleza habari za mama na safari ya Bengamisa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitamani anitukane.

"Mutoto, ungeniambia tu: papa, mi naenda," alisema. "Bon, ningekuacha uende. Kukimbia vita haiko haya. Lakini uliniambia iko laini, na mi sina macho. Sasa enda, mama anakungojea."

Nikaenda. Niliporudi baada ya miezi kadhaa, jeraha lilikuwa limepona, lakini kidole kilikuwa kimekufa ganzi. Alinipokea vizuri, tukaendelea na dirisha, wala hakunigombeza. Ila kila kipande nilichompa alikipitisha kwanza kwenye mdomo wake, polepole, mimi nikiwa nimesimama pale natazama. Hakuniuliza tena kama nimepima. Hakuniuliza hadi alipofariki, na hilo linaniuma kuliko damu ya siku ile.

Sikwambii usiwe na haraka, mwanangu. Siku zingine zinakimbiza watu, nami nisingemkosa mama yangu kwa ajili ya dirisha. Ninachokwambia ni hiki: kazi ikikushinda, iweke chini na useme bado. Sema hii ni kali, usiiguse, kisha uende zako. Mtu atakusamehe kazi uliyoiacha nusu. Lakini kuna watu wanaoshika neno lako kwa mkono mtupu, na hao ukiwadanganya hata kidogo, wao ndio wanaokatika.

Mungu akulinde njiani, akutulize mikono hata moyo ukienda mbio. Na akujalie watu wa kukuamini, wala usiione kamwe siku wakiacha kukuuliza.