Serveur ya Mume Wangu Iko Kingi

Admin, jina langu libaki kwako, maana mume wangu naye anausoma ukurasa huu. Nina miaka thelathini na mmoja, mama wa watoto wawili, naishi Kibabi. Nauza maharage sokoni, mume wangu ana atelier ya kutengeneza simu. Nasema mapema kwamba nina wivu, tena tangu utotoni, na sioni haya.

Mambo yalianza kwa neno moja. Nilikuwa nampelekea mume wangu chakula, nikamkuta mlangoni pa atelier akiongea kwenye simu, kanipa mgongo. "Serveur yangu ya Kingi iko kadogo," anasema, "haiombake mingi, lakini iko inanitumikia muzuri. Tangu juzi imelala tu. Kesho naenda kuiamusha."

Huku kwetu serveuse ni msichana anayewapelekea watu bia kwenye buvette, na sikio langu lilisikia serveuse. Kiswahili chetu nacho hakimsaidii mwanamke mwenye wivu: "iko" tunasema kwa mtu, kwa mbuzi na kwa sufuria. Kadogo, haiombi mingi. Mimi niliyeomba viatu vya Pasaka mpaka nikachoka, nilijua ananisema mimi. Nikaweka chakula chini, nikaondoka bila kusalimia.

Kesho yake nilimfuata mpaka kijiji cha Kingi kwa pikipiki nyingine, kitenge nimekikaza kiunoni. Nikapita buvette moja baada ya nyingine nikiulizia serveuse wa fundi wa simu. Mama mmoja akanijibu, "Serveur ya fundi? Iko kwa masomo, kwa Mwalimu." Nikaenda shuleni mbio. Nikamkuta mume wangu amepiga magoti mbele ya kisanduku cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni, kimeunganishwa na betri ya pikipiki na panneau, kile kibao cha kuvuta umeme wa jua.

Nilipomuuliza mwanamke yuko wapi, alicheka mpaka akakaa chini. Serveur, akanieleza, ni mashine inayotunza vitu na kuwapa watu wanaoviomba. Antenne ya huko, ule mnara wa simu, ilikufa kwa sababu ya vita. Intaneti hakuna, lakini ukisogea na simu yako mashine inakupa masomo ya watoto na nyimbo za kwaya, vile vile zilivyowekwa. Tena kuna script, yaani maagizo ya mashine, aliyoandika mwenyewe: unaandika jina la mtu mliyepotezana naye mkikimbia, na kama amepita pale, inakuletea picha yake na mahali alipo.

Nilitaka kucheka na mimi. Lakini pembeni alisimama mwanamke wa umri wangu, mwalimu wa shule ile, mjane, mwenye sauti ya taratibu. Ndiye anayewapiga wakimbizi picha na kuziweka ndani ya mashine. Akasema, "Papa Fundi, kosa nimeiona. Kwa script ulifungua parenthèse, yale mabano, na hukuifunga, njo maana inalala." Mume wangu akainama kuangalia, akatikisa kichwa. "Ni kweli. Sasa wewe unanipita."

Tulipooana nilimwomba anifundishe kompyuta. Alinijibu, "Mama, hiyo itakuchokesha kichwa bure." Kumbe kichwa kisichochoka kilikuwa Kingi. Nikafungua simu nione wifi ya pale inaitwaje. Ya atelier yetu inaitwa Atelier. Ya pale inaitwa Mwalimu. Nilipouliza kwa nini, mume wangu akasema, "Si iko kwa masomo?"

Ningeiombea mashine ile inyeshewe na mvua, kama si mdogo wangu. Tulipotezana naye watu walipokimbia kutoka Burungu, na mama yetu alishaacha hata kumtaja. Siku ile Mwalimu aliniuliza kwa heshima, "Mama, hakuna muntu wako ulimukosa?" Nikaandika jina la mdogo wangu kwa ukali tu, nione kama mashine yao inajua kitu. Picha ikatoka. Alikuwa amekonda, amevaa sweta ambayo Mwalimu alisema ni yake. Nililia mbele ya mwanamke niliyekuja kumpiga. Leo mdogo wangu anaishi kwangu.

Sasa vita vimesogea na watu wa Kingi wanakimbia. Mume wangu anaomba Mwalimu aje akae kwetu pamoja na serveur, maana watu bado wanatafutana na yeye ndiye anayewajua kwa sura. "Ni wewe utaamua, Mama," ameniambia. Angeniamuru, ningepata pa kugombania. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na aliyelisema wa kwanza ni mimi, tena nikizunguka buvette zote. Sijamkamata na lolote. Ila akitaja script ile, uso wake unakuwa kama siku alipokuja kwetu kuposa.

Jana tukichambua maharage, mdogo wangu aliniuliza, "Dada atafika lini?"

Nikamwambia, "Dada yako njo mimi."

"Ndiyo, najua," akasema. "Nauliza ule mwingine."

Mume wangu anangoja jibu langu kesho. Nikikataa, kuna mama mwingine ataandika jina la mtoto wake na asiletewe picha. Nikikubali, nitawapikia wakiongea lugha nisiyofundishwa, ndani ya nyumba yangu. Mficha uchi hazai, nimewaambia yote. Nishaurini, nimjibu nini? Lakini msiniambie kwamba ile ni mashine tu. Ingekuwa mashine tu, ningeizima.